Mshale haukuanzia kwenye sifuri: kisa cha mama mmoja wa Kigoma, vidonge vyake na uzito wake

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wauguzi, wakunga, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maafisa lishe wenzangu. Mama mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina, mtaa, zahanati na baadhi ya mambo ya familia nimeyaondoa. Nitamwita Bi M. Vipimo vya uzito na vya damu nimeviacha kama vilivyokuwa kwenye kadi, kwa sababu ndivyo vinavyofundisha. Kwenye kadi ile uzito uliandikwa mara nne kabla sijamwona, na hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma.

Nyumba na ziwa

Bi M. alikuwa na miaka 27 na mimba ya tatu. Mume ni mvuvi wa dagaa, wale wanaotoka usiku na taa. Yeye huanika dagaa mwaloni na kuwauza kwa kopo. Wanaishi na mama mkwe, watoto wawili, na wifi yake Bi M. ambaye hajaolewa.

Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika fedha huja na giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, na nyumba hukaa inasubiri. Hilo watu wamelizoea na wana namna ya kulipita. Mwaka 2024 likaja jambo refu zaidi: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ila kwa Bi M. miezi ile mitatu iliangukia kati ya wiki ya 22 na ya 35 ya mimba, kipindi ambacho mtoto tumboni anaanza kujenga mwili kwa kasi na mama anatakiwa kupanda uzito kila wiki.

Mume alikwenda kutafuta vibarua vya shamba. Chungu cha nyumbani kilibaki na ugali wa muhogo na kisamvu au matembele yaliyoungwa kwa mawese, na maharage siku mojamoja. Mawese ni mali: yana nguvu, na ile rangi yake nyekundu mwili huigeuza kuwa vitamini A. Muhogo nao hushibisha. Kilichotoweka ni dagaa, na dagaa ndio waliokuwa nyama, maziwa na mayai ya nyumba ile.

Kadi ilivyosema

Alianza kliniki katikati ya Aprili, mimba ikiwa na wiki 18. Urefu sentimita 156, uzito kilo 47, wingi wa damu (himoglobini) gramu 10.6 kwa desilita. Kwa kigezo kilichozoeleka kliniki, mjamzito mwenye chini ya 11 tayari ana upungufu wa damu, ingawa hapo bado ni mdogo. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini chuma na foliki asidi, na dozi ya kwanza ya SP ya kuzuia malaria.

Mwishoni mwa Mei, wiki ya 24, alikuwa na kilo 48.5. Mwanzoni mwa Julai, wiki ya 29, kilo 48. Nusu kilo imeshuka, katika miezi ambayo haitakiwi kushuka hata robo. Mbele yake pameandikwa "anaendelea vizuri". Tarehe 29 Julai, wiki ya 33, kilo 51.5. Muuguzi aliyempima siku hiyo alifurahi, na mtu anayepima wajawazito hamsini kwa asubuhi moja ana haki ya kufurahia namba inayopanda.

Siku hiyo nilikuwa pale kwa shughuli nyingine. Nilipitia kadi kwa sababu benchi lilikuwa limejaa na nilitaka kusaidia. Kilo tatu na nusu kwa wiki nne, baada ya kushuka? Wazo langu la kwanza lilikuwa presha na kuvimba. Nikambonyeza kifundoni kwa kidole: hakuna shimo. Presha ilikuwa nzuri, mkojo hauna protini. Ndipo nilipokwenda kuitazama mizani.

Ile ya kidijiti, iliyotumika tangu Aprili, ilikuwa kabatini, betri zimekwisha. Iliyokuwa sakafuni ni ya zamani, ya mshale. Hakuna aliyesimama juu yake, na mshale ulikuwa umetulia kati ya mbili na tatu. Nikainama kuhakikisha, maana kioo chake kina mkwaruzo na ukisimama unaona sivyo: mbili na nusu. Tukaweka dumu la maji juu yake, kisha tukanunua betri na kuliweka dumu lilelile kwenye ile ya kidijiti. Tofauti ikawa kilo mbili na nusu. Bi M. alipopanda tena alisoma 49.0.

Kwa hiyo tangu wiki ya 18 hadi ya 33 alikuwa ameongeza kilo mbili. Kwa mwanamke mwenye uwiano wa kawaida wa uzito na urefu, kipimo kinachotumika sehemu nyingi, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, ni jumla ya kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima, na kwa aliyeanza akiwa mwembamba kilo 12.5 hadi 18. Miezi sita ya mwisho inabeba sehemu kubwa ya hizo, kama gramu mia nne kwa wiki au zaidi. Kwa wiki 15 tulitarajia kilo sita. Nikachukua utepe nikampima mkono wa juu: sentimita 22.1, chini ya 23 ambayo wengi huitumia kama alama ya mjamzito wa kuangaliwa kwa karibu. Wingi wa damu ulikuwa umeshuka hadi 9.1. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

"Nimekunywa vidonge vyangu"

Nilimuuliza, "Dada, asubuhi ya leo umekula nini?"

"Nimekunywa vidonge vyangu."

Nilidhani anazungumzia vya kliniki. Akatoa kwenye mkoba kopo jeupe la plastiki, virutubisho vya mama mjamzito, kapsuli 60, mbili kwa siku, shilingi 45,000. Kopo la kwanza alishalipia. La pili alikuwa amelichukua kwa mkopo, na lilikuwa bado halijafunguliwa. Aliyemuuzia alimwambia kila kapsuli ni mlo kamili. Yeye aliamini, na kwa kuwa chakula nyumbani kilikuwa kidogo aliona amepata njia: asubuhi anakunywa kapsuli, uji anawaachia watoto. Alifanya hivyo kwa wiki nne. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya alichoona mama mwema angefanya.

Nikasoma lebo. Madini chuma miligramu 5 kwa kapsuli. Kidonge anachopewa bure kliniki kina kama 60. Vitamini A ilikuwa yuniti 5,000 kwa kapsuli, ya aina ile iliyo tayari, inayopatikana kwenye maini. Kapsuli mbili ni 10,000, nayo ndiyo dari ya mjamzito kwa siku. Akila maini siku hiyo ameshapita, na ikizidi sana, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto. Nguvu ya chakula, ile inayoongeza kilo? Hakuna. Kapsuli haina ugali ndani.

Kulikuwa na vingine. Kwenye duka la dawa muhimu alinunua foliki asidi ya miligramu 5 kwa ushauri wa rafiki, akawa anameza kila siku tangu wiki ya 20. Hili wengi wetu hatuliulizi, na linauma kwa sababu lina madhara ya kimyakimya. Mjamzito anahitaji miligramu 0.4 za foliki asidi kwa siku. Dozi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, kwa kuwa SP hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu cha malaria foliki. Dozi yake ya pili na ya tatu alizimeza huku foliki ikiwa tele mwilini.

Halafu pemba, udongo ule wa vijiti unaouzwa sokoni kwa shilingi mia. Alikuwa akila vijiti viwili kwa siku. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini chuma, na udongo wenyewe unaweza kuyashika yale machache yaliyomo tumboni. Baada ya kusita alisema pia kwamba vidonge vya kliniki alikuwa ameviacha. Vilimtia kichefuchefu, choo kikawa cheusi akaogopa, na mama mkwe alisema vinamnenepesha mtoto mpaka ashindwe kutoka.

Kosa langu la kwanza

Nilichukua lile kopo nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Hii ni biashara ya watu, achana nayo kabisa."

Sikujua kwamba aliyemuuzia ni wifi yake, na kwamba wifi ndiye aliyekuwa amekaa pembeni yake kwenye benchi akimshikia mtoto mdogo. Bi M. aliinamisha kichwa akasema "sawa". Kila anayefanya kazi hii anaijua "sawa" ile. Mazungumzo yameisha na mtu yuko mbali nawe.

Dakika moja niliyotumia kuonyesha kwamba najua kusoma lebo ilitugharimu siku nne. Hakurudi siku ya pili tuliyopanga.

Tulichoamua, na kwa nini

Mambo ya dawa yaliamuliwa siku ileile na tabibu. Vidonge vya kuongeza damu, viwili kwa siku, kwa kuwa 9.1 si upungufu mdogo tena. Foliki asidi ya dukani iachwe. SP haikutolewa siku hiyo. Ilisogezwa hadi ahadi iliyofuata, mwili uwe umeshatulia. Dawa ya minyoo ambayo hakuwa amepewa ikatolewa.

Chakula kilikuwa kigumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mahali penye wanawake wengi wenye lishe duni wajawazito wapewe chakula cha nyongeza chenye nguvu na protini kwa uwiano. Katika mkoa wetu huu huu, wajawazito kwenye kambi za wakimbizi wamekuwa wakipewa unga wa mahindi na soya ulioongezewa virutubisho. Kwenye zahanati ya mtaa wa Bi M. unga huo haupo. Ningeweza kuandika barua. Mtoto alikuwa na wiki sita azaliwe. Tukaamua kazi ifanyike kwenye chungu cha nyumbani, na mwenye chungu ni mama mkwe.

Tulikwenda mimi na mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa makamo anayejulikana na kila mtu pale. Nilimsalimu mama mkwe shikamoo, tukakaa kwenye mkeka, tukazungumza habari za ziwa kwanza. Nilipofikia vidonge akanikatiza.

"Mwanangu, mimi nimezaa saba bila vidonge. Mtoto akiwa mkubwa atapita wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kumbishia. Mwenzangu akaniwahi kwa swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Mama, wewe ulipokuwa na mimba mlikuwa mnakula nini?"

Akacheka. "Sisi? Kuhe na migebuka mpaka tukachoka. Nyumba ilikuwa inanuka samaki."

Kisha akanyamaza. Akatazama sufuria ya kisamvu iliyokuwa juu ya mafiga. Hatukuongeza neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, taratibu, "Huyu hajala samaki tangu ziwa lifungwe."

Baada ya hapo kumweleza kwamba vidonge vya kliniki huongeza damu na si unene wa mtoto ilikuwa kazi nyepesi. Nilimwambia siku ya kujifungua kila mama anapoteza damu, na anayeingia na damu kidogo hana akiba. Neno akiba alilielewa bila kufafanuliwa.

Yalipangwa mambo machache. Asubuhi bakuli la uji wa mahindi wenye karanga zilizopondwa, na hilo ni la Bi M. peke yake, watoto wana lao. Jioni sahani yake ipakuliwe ya kwanza. Hili la pili ndilo lililomgusa mama mkwe, kwa sababu siku zote Bi M. ndiye aliyepakua, na mpakuaji hula kinachobaki sufuriani. Maharage yapikwe walau mara nne kwa wiki. Vidonge vya damu avimeze usiku baada ya kula ili kichefuchefu kimkute amelala, pamoja na chungwa, na chai ikae mbali na mlo, kwa kuwa chai huzuia madini chuma yasiingie mwilini na chungwa huyasaidia. Choo cheusi kisimtishe. Mayai, ambayo aliambiwa yatamfanya mtoto azaliwe bila nywele, mama mkwe alikubali aanze kwa mawili kwa wiki. Pemba hatukuikataza kwa ukali. Tulimwomba apunguze kila siku, na hamu yenyewe ilikwisha damu ilipopanda.

Lilibaki lile kopo. Nilimwomba wifi radhi, mbele ya mama yake, kwa namna nilivyosema kliniki. Yeye pia alikuwa ameuziwa: alitoa mtaji, akaambiwa atauza na kupanda ngazi, na aliamini anamsaidia mke wa kaka yake. Nikamweleza hesabu ya miligramu 5 na 60 bila kumlaumu. Aliikagua lebo mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akalichukua kopo la pili, akasema deni limefutika. Karanga, mayai na dagaa wakavu wa mwezi ule vilitoka kwenye fedha ambazo zingelipa kopo.

Niseme hapa, nisieleweke vibaya: kumeza vitamini na madini mengi kwa pamoja si jambo baya lenyewe. Upo mchanganyiko wa vitamini na madini 15 uliotengenezwa kwa ajili ya wajawazito, wenye madini chuma miligramu 30, na tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani limefungua mlango wa kuutumia chini ya utafiti makini. Shida ya kopo la Bi M. ilikuwa bei yake, uchache wa kilichohitajika ndani yake, na ahadi ya kuwa mlo.

Kujifungua

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa, mume akarudi. Siku nne baadaye, wiki ya 36, uzito ulikuwa 50.6 na damu 9.8. Alipewa SP. Alijifungua katika wiki ya 39, salama, mtoto wa kike wa kilo 2.6. Ni gramu mia tu juu ya mstari wa uzito pungufu, lakini alikuwa juu ya mstari, na alinyonya ndani ya saa moja.

Tukapongezana. Hapo ndipo tulipokosea mara ya pili, na kosa hili lilikuwa kubwa kuliko la mizani.

Mwezi wa nne

Siku arobaini za uzazi mama mkwe alizisimamia vizuri: supu, uji, maji ya moto, hakumwacha abebe ndoo. Zilipokwisha, Bi M. alirudi mwaloni. Kila mwezi alileta mtoto kliniki, mtoto akapimwa na mstari wake ukapanda: 3.5, 4.4, 5.1. Mama aliyembeba mtoto huyo hakupimwa hata mara moja. Kadi ya mtoto haina mahali pa kuandika kilo za mama, na kadi ya ujauzito ilikuwa imeshafungwa. Vidonge vya damu, ambavyo mama hushauriwa kuendelea navyo kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, vilikwisha na hakuna aliyempa vingine.

Mtoto alipofikisha miezi minne, Januari 2025, alikuwa na kilo 5.2. Gramu mia moja kwa mwezi mzima. Muuguzi, yuleyule wa siku ya mizani, safari hii aliisoma namba. Akamwinua uso mama amtazame: mashavu yalikuwa ya duara, macho yamefinyika. Akampandisha kwenye mizani: 51.5. Akanipigia simu.

Bi M. alisimulia polepole. Mwishoni mwa Novemba alikwenda msibani, na mwanamke mmoja akamwambia mbele ya watu, "Mbona umekwisha hivyo? Mume hakulishi?" Kwetu maneno hayo hayamgusi mama peke yake. Mwili wa mke ni ushahidi wa mume, na mumewe ndiyo kwanza ametoka kwenye miezi mitatu ya aibu ya kukosa kazi. Alijipima kwenye mizani ya kulipia mjini, akakuta 45. Akatafuta dawa ya kunenepa.

Alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na vidonge vya aina mbili, havina pakiti wala jina. "Asubuhi kimoja cha hiki, usiku viwili vya kile." Alikuwa ametumia kwa wiki tano. Siku ya pili alipata kipande cha pakiti kwa aliyemuuzia, na mfamasia wa hospitali akavitambua: deksamethasoni na siproheptadini.

Ya kwanza ni steroidi, dawa nzito yenye kazi zake hospitalini, nayo hujaza maji mwilini, hupandisha sukari na presha, na hujaza uso kabla ya kujaza mkono. Ya pili ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na hamu ya kula, na inaweza kupunguza maziwa. Maziwa ya Bi M. yalikuwa yamepungua kweli. Mtoto alilia, akaanza kupewa uji mwepesi wa muhogo akiwa na miezi mitatu na nusu, tumbo likajaa maji ya uji, akanyonya kidogo zaidi, maziwa yakapungua zaidi.

Hapa tulifanya uamuzi mmoja ambao naomba kila msomaji aushike. Hatukumwambia avitupe vyote siku ile. Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza homoni ya jamii ileile. Mtu akimeza steroidi kwa wiki kadhaa tezi zile hulala, na ukimkatia ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikaanguka. Alipelekwa kwa daktari hospitalini siku hiyohiyo. Siproheptadini ilikatwa mara moja, deksamethasoni ikapunguzwa hatua kwa hatua kwa ratiba ya daktari. Sukari na presha vilipimwa, vikawa vya kawaida.

Kabla hajaondoka nilimwambia kitu kimoja: "Dada, uzito huu utashuka. Uso utarudi ulivyokuwa. Ukishuka usiogope, hayo ni maji yanatoka." Kama nisingesema, angeshuka kilo nne, angesikia neno jingine msibani, na angerudi kwa yule muuzaji.

Kwa upande wa mtoto, uji ulisimamishwa, akanyonyeshwa mara kwa mara mchana na usiku, na mama akala. Anayenyonyesha anahitaji nguvu nyingi kuliko mjamzito, kama kalori 500 za ziada kwa siku. Kwa chakula cha nyumba ile ni bakuli la uji mzito wa karanga na sahani ndogo ya ugali na dagaa juu ya milo yake ya kawaida. Lakini nyumbani, mtoto akishatoka tumboni, bakuli la asubuhi lilikuwa limeondolewa. Hakuna aliyemwambia mama mkwe kwamba liendelee. Nasema hakuna, na nikiwemo mimi.

Mtoto alipofikisha miezi sita alikuwa na kilo 6.6. Mama alikuwa na 46.8, damu 11.9, uso wake ni wake. Mtoto alipofikisha miezi tisa mama alikuwa na 48.4, na kilo hizo zilikuwa nyama, mkono wake ulikuwa sentimita 23.6.

Uchambuzi

Mizani mbovu ilitufichia ukweli, ila hata mizani nzuri ya mwanzoni mwa Julai ilikuwa imeshasema. Kushuka kutoka 48.5 hadi 48 kulipimwa kwa usahihi, kukaandikwa kwa wino, na kupita. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maswali mawili: mara ya mwisho ilikuwa ngapi, na nyumbani mnakula nini? Tungeuliza mwanzoni mwa Julai tungepata wiki nne zaidi, na kwa mtoto wa kilo 2.6 wiki nne ni nyingi.

Kuanza kliniki wiki ya 18 kulitunyima uzito wa kabla ya mimba, kwa hiyo hatukujua kama alianza mwembamba au wa kawaida. Utepe wa mkono ungetusaidia siku ya kwanza, maana mkono haubadiliki sana kwa ujauzito. Utepe ulikuwa kwenye droo. Tulizoea kuutumia kwa watoto.

Kilichofanya kazi ni lile swali la mwenzangu kwa mama mkwe, kuliko elimu yoyote niliyobeba. Sitadai kwamba bakuli la uji peke yake ndilo lililoleta kilo 1.6 za wiki tatu, kwa kuwa siku nne za mwisho dagaa walikuwa wamerudi. Lakini uzito ulikuwa umeanza kupanda kabla: mhudumu alimpima nyumbani tarehe 10 Agosti, ziwa likiwa bado limefungwa, akakuta 50.

Kuhusu virutubisho, hatukuwa tumewahi kumuuliza anameza nini kingine. Tuliuliza "unameza vidonge?" akajibu ndiyo, na alisema kweli. Sasa tunasema: "Njoo na kila unachomeza, cha hapa, cha dukani, cha kuuziwa nyumbani, hata udongo." Wanakuja na mifuko, na foliki asidi ya miligramu 5 tumeikuta kwa wengine wanne.

Kosa la baada ya kujifungua ndilo linaloniumiza. Tulimtunza Bi M. kama chombo cha kumleta mtoto, chombo kilipofika tukakiacha gatini. Aliyemwona amekonda ni mwanamke wa msibani, wiki saba kabla yetu, na kwa kuwa sisi hatukuwa na la kumwambia kuhusu mwili wake, alikwenda kwa mwenye la kumwambia.

Pale zahanati tumeanza kuwapima mama wote wanaoleta watoto hadi mtoto afikishe miezi sita. Kwa kuwa kadi haina nafasi, muuguzi huandika kilo za mama kwa penseli ukingoni mwa chati ya mtoto, mkabala na mwezi husika. Na kila asubuhi, kabla mama wa kwanza hajavua kandambili, mmoja wetu anainama mpaka chini kuutazama mshale.